Paka kapiga chafya, mimi nina korona

SWALI: Daktari, nilipima juzi nikakutwa na korona. Naishi peke yangu na paka wangu Chui, dume la miaka sita, ambaye kila usiku hulala shingoni mwangu kama skafu. Tangu juzi anapiga chafya na jicho lake la kushoto linatoa machozi. Dada yangu ananipigia simu kila saa: "Mtoe nje huyo paka, ndiye aliyekuletea." Jana nilimfungia bafuni, akalia mlangoni hadi alfajiri. Nimtoe? Na nikimpa nusu ya parasetamoli ninayomeza mimi, itamsaidia? — Mwenye Chui

JIBU: Nianze na kidonge, maana hicho kitamuua Chui upesi kuliko korona. Ini la paka haliwezi kuiondoa parasetamoli mwilini. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya matope, uso huvimba. Hata hiyo nusu ni hatari. Kama umeshampa, acha kusoma, mpigie daktari wake sasa hivi.

Kama hujampa, tuendelee. Kati yenu wawili, mshukiwa ni wewe. Mbwa wa kwanza kujulikana aliambukizwa Hong Kong, Februari 2020: mbwa mdogo, mzee wa miaka 17, ambaye mfugaji wake alikuwa mgonjwa wa korona. Mwezi uliofuata ikawa paka wa Ubelgiji, ambaye mfugaji wake alikuwa ametoka Italia akiwa na virusi. Aprili ikawa zamu ya Nadia, chui-milia wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ambaye hakuwa na safari wala wageni isipokuwa watunzaji wake. Mtu kwanza, mnyama baadaye. Paka hupata kwa urahisi kuliko mbwa, kwa sababu ile protini ambayo virusi hujishikiza kwayo ili viingie kwenye seli, iitwayo ACE2, kwa paka inafanana mno na yetu. Kuku na bata havikuwapata hata walipowekewa puani makusudi maabara.

Je, mnyama hawezi kabisa kumrudishia mtu? Anaweza, na sitakuficha. Agosti 2021 huko Thailand, daktari mwenzangu alikuwa anachukua sampuli puani mwa paka wa watu wawili wenye korona. Paka akampigia chafya usoni. Alikuwa na barakoa na glavu, lakini macho yalikuwa wazi. Siku chache baadaye akaugua, na virusi vyake vilipochunguzwa vikakutwa sawa na vya yule paka. Nilipoisoma taarifa ile niliinuka kwenye kiti nikaenda kutafuta miwani yangu ya kazi, iliyokuwa droo ya chini, ina vumbi la miaka. Hamsta, vipanya vya kufugwa vinavyouzwa madukani, walimwambukiza mtu Hong Kong, na Januari 2022 serikali ikaamuru wanyama wadogo kama 2,000 wauawe. Minki, wanyama wadogo jamii ya kicheche wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, ndio waliovuma zaidi: Denmark iliamua mwishoni mwa 2020 kuwaua wote, takriban milioni 17. Lakini minki hufugwa kwa maelfu, vizimba vimepangwa ubavu kwa ubavu. Chui wako yuko peke yake na jicho moja lenye machozi.

Na hilo jicho moja linanipa picha nyingine. Paka wengi hubeba virusi vya mafua yao wenyewe, vya jamii ya hepesi, tangu utotoni. Hujificha mwilini na kuibuka paka anapopata msukosuko: mwenye nyumba kalala mchana kutwa, anakohoa, ratiba ya chakula imevurugika. Bafuni nako si likizo. Siwezi kuapa nikiwa huku kwamba si korona, lakini ningeambiwa nikisie, ningeanza na hayo mafua. Bahati nzuri, uangalizi wa siku za mwanzo ni uleule.

Usimtoe nje. Huko atakutana na paka wengine na watu wengine, na kama amebeba chochote atakisambaza. Kama yupo mtu mzima wa afya awezaye kukaa naye ndani kwake siku kumi, akijua wazi kwamba paka huyu ameishi na mgonjwa, sawa. Kama hayupo, mfungulie bafuni, umpe chumba kingine, na shingo yako iwe marufuku kwa sasa. Vaa barakoa unapomlisha, nawa mikono kabla na baada, usimbusu, usile naye sahani moja. (Najua mnakula naye. Kazi hii imenionyesha mengi.)

Halafu hesabu pumzi zake. Msubiri alale fofofo, utazame ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 15, zidisha mara nne. Chini ya 30 kwa dakika, lala na wewe. Ikizidi 40, au anapumua mdomo wazi, au amekataa chakula siku nzima, mpigie daktari. Piga simu kwanza, useme una korona, ili mpangiwe nani amlete na kwa mlango gani. Paka wengi waliopata korona hukohoa au kuharisha kidogo na kupona wenyewe. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

Mwaka 2020 bwana mmoja aliniletea paka ndani ya boksi la viatu, mzima wa afya, eti nimchome sindano ya mwisho kwa sababu jirani kaugua. Nilikataa. Alinuna, akaondoka na boksi lake. Mwaka uliofuata akaja kumchanja paka yuleyule, na hakuna kati yetu aliyeligusia boksi.

SWALI: Paka wetu wa miezi minane amevimba tumbo na kukonda mgongo. Karatasi ya maabara imeandikwa "korona: chanya". Mume wangu anataka sote tujitenge. — Mama wa Wawili

JIBU: Mwambie mzee atoke chumbani. Hiyo ni korona nyingine, ya paka wenyewe, iliyokuwepo kabla hii yetu haijasikika. Huenea kwa kinyesi, hasa paka wengi wanapotumia trei moja ya mchanga, na haimpati binadamu. Wengi huharisha kidogo, basi. Kwa wachache, hasa wachanga, virusi hubadilika ndani ya mwili na kuleta uvimbe mkali wa ndani: tumbo hujaa maji ya njano yanayovutika kama ute wa yai.

Karatasi hiyo peke yake haithibitishi lolote, kwani paka wengi wazima pia husoma chanya. Linalonitisha mimi ni tumbo. Mpeleke yavutwe hayo maji yapimwe, na usingoje wiki ijayo. Miaka mingi ugonjwa huu nilikuwa nautangaza kwa sauti ya chini, nikiwa nimeshatayarisha leso mezani. Siku hizi ipo dawa iitwayo GS-441524, ndugu wa damu wa remdesivir waliyopewa wagonjwa wa korona hospitalini, na ikianzwa mapema paka wengi hupona. Kisiwani Cyprus, ugonjwa huu ulipowashambulia paka mwaka 2023, serikali ilitoa vidonge vya molnupiravir vilivyokuwa vimewekwa akiba kwa ajili ya watu, wakapewa paka. Muulize daktari wako kipi kinapatikana na kinaruhusiwa, na uwe tayari kwa wiki nyingi za kumeza dawa kila siku bila kuruka.

SWALI: Kitabu cha chanjo cha mbwa wangu kina neno "korona". Je, nami naweza kuchanjwa hiyo? Pia, tukirudi matembezini nampangusa nyayo kwa jiki, na nimemshonea barakoa. Nakosea wapi? — Baba Mbwa

JIBU: Chanjo hiyo ni ya korona nyingine, ya mbwa wenyewe, inayoharisha watoto wa mbwa, haikuhusu. Jiki na vitakasa mikono huunguza ngozi ya nyayo, na kinachobaki hukilamba. Hakuna ushahidi kwamba manyoya yake yanaleta korona nyumbani, kwa hiyo maji na sabuni yake ya kuogea vinatosha. Barakoa mvue leo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi.