Jabali moja, majina mawili: nani huamua katika bahari za kusini?

Swali: Katika ramani mbili nimekuta majabali yale yale yasiyokaliwa na watu yakiitwa Shag Rocks katika moja na Rocas Cormorán katika nyingine. Jina sahihi ni lipi? Na kwa nini yasiitwe visiwa?

Jibu: Majina yote mawili ni rasmi, kila moja kwa serikali iliyolitoa. Majabali hayo, ambayo kilele chake hufikia mita 75 hivi, yamechomoza baharini kiasi cha kilomita 240 magharibi ya kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, eneo linalotawaliwa na Uingereza na kudaiwa na Argentina, na hakuna mahakama ya majina iliyo juu ya nchi hizo mbili. Katika ramani yako andika yote mawili, pamoja na latitudo na longitudo, kwa kuwa nahodha huokolewa na mahali palipoandikwa sawasawa kabla ya kuokolewa na jina.

Ukivuka latitudo 60 kusini hali hubadilika kidogo. Huko unatawala Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mwaka 1959 na kuanza kutumika mwaka 1961, ambao Ibara yake ya IV haikuyathibitisha madai ya umiliki wala kuyafuta, bali inazuia tendo lolote linalofanyika wakati mkataba ukiwa hai lisigeuzwe kuwa msingi wa dai. Kwa hiyo kutoa jina kwa jabali hakumpi mtu haki juu yake. Hata hivyo nchi zinaendelea kutoa majina kupitia kamati zao za majina ya mahali: ya Uingereza iliundwa mwaka 1945, na ya Bulgaria mwaka 1994. Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika, SCAR, imekuwa ikikusanya majina hayo tangu mwaka 1992 katika orodha moja ambamo majina yaliyotolewa na nchi mbalimbali kwa mahali pale pale huunganishwa kwa namba moja. SCAR haiidhinishi jina lolote, lakini kwa maoni yangu namba hiyo ndiyo chombo chenye manufaa kuliko vyote kwa mchora ramani.

Kanuni za kamati nazo hutofautiana na desturi za zamani. Mwaka 1840 baharia Mfaransa Dumont d'Urville, ambaye watu wake walitua kwenye kijabali karibu na pwani ya Antaktika, aliiita nchi ile Adélie kwa heshima ya mkewe. Leo kamati ya Marekani hukataa jina linalopendekezwa kwa sababu ya undugu au urafiki tu, na hata jina la mbwa wa kuvuta sleji, yaani gari la theluji lisilo na magurudumu.

Kuhusu kisiwa: Ibara ya 121 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari husema kuwa kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji na inayobaki juu yake hata maji yakijaa. Kwa kipimo hicho Shag Rocks ni visiwa. Lakini ibara hiyo hiyo inatenga majabali yasiyoweza kuhimili makazi ya watu wala maisha ya kiuchumi ya majabali yenyewe, na kuyanyima ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, yaani bahari ambamo nchi ina haki ya samaki na rasilimali nyingine, ingawa yanabaki na bahari ya kitaifa ya maili 12 za baharini. Ardhi inayoonekana maji yanapokupwa tu haihesabiwi kabisa kuwa kisiwa.