Maswali ya Wasomaji: Ua la Miambani Lililonyauka Mwezi wa Juni

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Nyegezi, Mwanza. Mvua za vuli zilipoanza, nilichimba kwenye kilima cha miamba kilicho nyuma ya nyumba yetu mmea unaotambaa, wenye maua mekundu yenye kingo za njano zilizojikunjakunja na petali zilizopinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Niliupanda pembeni mwa matuta yangu ya viazi vitamu, ukachanua mwezi wa Aprili, lakini ilipofika Juni ulinyauka wote hadi ardhini. Nimekuwa nikiumwagilia maji kila jioni, wala hauchipui. Je, umekufa? Na je, ni kweli una sumu, kama anavyosema jirani yangu? Nina mtoto wa miaka mitatu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyotoa, huo ni mmea ambao wataalamu huuita Gloriosa superba, wa asili ya Afrika na Asia ya kitropiki, na ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa halifai kusubiri.

Jirani yako amesema kweli. Mmea wote una sumu iitwayo kolichisini, na sehemu zilizo hatari kuliko zote ni mbegu na kiazi kilichofukiwa chini. Kemikali hiyo hiyo, ikipimwa kwa uangalifu, hutumiwa na madaktari kutibu ugonjwa wa jongo, lakini kiasi kidogo kinachozidi kipimo kinaweza kuua, na watu wamewahi kufa baada ya kula kiazi chake wakidhani ni kiazi cha kawaida. Ndiyo maana nimeshtuka kusoma kwamba umeupanda pembeni mwa viazi vitamu. Katika nyumba ya Kisukuma, ambamo viazi huchimbwa kwa jembe na watoto, hukatwakatwa na kuanikwa kuwa michembe, kiazi kimoja kigeni kinaweza kuingia kwenye ungo bila mtu yeyote kukitambua. Uhamishe kabla hujavuna tuta lolote lililo karibu nao. Vaa glavu unapouchimba, nawa mikono kwa sabuni, na usiwatupie mbuzi mabua yake. Ikitokea mtoto ameweka sehemu yoyote ya mmea kinywani, mpeleke hospitali mara moja ukiwa umebeba kipande chake, wala usingoje atapike, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Sasa nije kwenye furaha yako. Kunyauka mwezi wa Juni si kufa. Mmea huu huishi miaka mingi kwa desturi ya kulala: mvua zinapokwisha, majani na mabua hukauka, na uhai wote hurudi kwenye kiazi, ambacho hukaa kimya wakati wote wa kiangazi hadi mvua za vuli zirudi, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Nina hofu zaidi na maji yako ya kila jioni kuliko ukame wenyewe, kwa maana kiazi kilicholala ndani ya udongo wenye majimaji huoza upesi. Acha kumwagilia leo.

Utakapokifukua utaona kiazi chenye umbo la mikono miwili iliyoungana kama herufi V. Kishike kwa upole, kwa sababu kila mkono una jicho moja tu la kuchipukia, nalo liko nchani; ncha ikivunjika, mkono huo hautachipua. Kikiwa laini na chenye harufu, kimeoza, na hapo itakubidi uanze upya kwa mbegu.

Kilaze chali, kina cha sentimita 5 hadi 8, mahali penye jua na ambapo maji hayatuami. Udongo wa kichanga unaotokana na miamba yetu, ule ambao Wasukuma huuita luseni, unakifaa sana ukichanganywa na samadi iliyooza. Udongo mweusi wa mbuga haukifai. Kwa kuwa una mtoto mdogo, ningechagua upande wa nje ya uzio wa seng'enge ambako hafiki. Uzio huo utausaidia pia mmea, kwani ncha za majani yake hujisokota kwenye chochote chembamba na kuupandisha hadi mita 1 au 2, ilhali nguzo nene hauwezi kuikamata. Weka jiwe au mti wa alama juu yake, ili mtu asije akapalilia hapo wakati wa kiangazi. Baada ya kuchanua, usikate mabua yangali mabichi, kwani majani hayo ndiyo yanayojenga kiazi kipya cha msimu ujao huku kile cha zamani kikisinyaa.

Ukitaka mimea zaidi, nakusihi usirudi kilimani na jembe. Vilima vyetu vinajengwa nyumba mwaka hadi mwaka, na kila kiazi kinachochimbwa ni ua lililopungua pale. Kusanya mbegu nyekundu za mmea wako mwenyewe ganda linapopasuka, zifungie mbali na mtoto hadi siku ya kupanda, nawe uwe na subira: huchukua wiki kadhaa hadi miezi kuota, na miaka 2 au 3 hivi kabla ya ua la kwanza.