Kura haikumaliza maneno

Ndugu yangu, unasema Wakenya walipowachagua Uhuru Kenyatta na William Ruto mwaka 2013, huku kesi za fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 zikiwasubiri katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague, Uholanzi, kura ilimaliza maneno. Haikumaliza. Ile asilimia 50.07 ya kura ilimpa Uhuru haki ya kutawala, Ruto akiwa naibu wake. Haikujibu nani alipanga fujo hizo za 2007-2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa makwao zaidi ya nusu milioni.

Mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, nakubali kabisa. Hiyo ni kinga yake mahakamani, asifungwe bure. Imani yangu ni kitu kingine, na naipima kwa jinsi anavyoitendea kesi yenyewe. Uhuru alipokwenda The Hague Oktoba 2014 na kumwachia Ruto ukaimu wa urais, hapo nampa haki yake. Lakini mashahidi je? Mashtaka ya Uhuru yaliondolewa Desemba 2014, mwendesha mashtaka akilalamika kwamba serikali haikushirikiana. Kesi ya Ruto ilikatizwa Aprili 2016, naye hakutangazwa kuwa hana hatia. Jaji mmoja alitaja wazi kuingiliwa kwa mashahidi.

Kwa hiyo sisemi walitenda, ila imani yangu hawakuipata. Waliopoteza jamaa zao kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilipochomwa Januari 1, 2008, hawajapata kutoka The Hague hukumu hata moja, ya kumtia mtu hatiani wala ya kumsafisha.