Unyevu, Moto na Vishada vya Platinamu: Kwa Wanaoanza Kazi ya Zeoliti

Ndugu zangu mnaoingia maabara mwaka huu, jambo la kwanza la kuchunga ni unyevu, ambao hapa Malindi haupigi hodi. Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilipima gramu moja ya zeoliti Y, madini ambayo fuwele zake zimejaa vijumba vidogo mno, iliyotoka kukaushwa, nikaiacha mizanini wazi, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, tarakimu zilikuwa zimepanda. Unga huo ukishiba, takriban robo ya uzito wake huwa maji, nami nilikuwa nimekwisha kukokotoa kiasi cha platinamu ya kutia ndani yake kana kwamba wote ni madini makavu.

Hesabu hurekebishika, madhara ya maji wakati wa kupasha moto hayarekebishiki. Kishada, yaani kifungu kidogo, cha atomu 13 za platinamu kina upana wa karibu nanomita 0.8, nacho hukaa katika kijumba cha zeoliti cha nanomita 1.3 chenye milango ya nanomita 0.74, kwa hiyo wengi hudhani kimefungwa humo daima. Ni kweli hakitoki kizima, kama kitanda kilichoungwa ndani ya chumba cha nyumba ya kale ya Lamu. Lakini kitanda hicho kiliingia ubao mmoja mmoja, na hutoka vivyo hivyo. Atomu 12 kati ya hizo 13 ziko juu, zina majirani wachache, na mvuke pamoja na joto kali huzifanya zihame hadi nje ya fuwele, zikajikusanya mabonge.

Ndiyo maana nasisitiza unga upashwe moto kwanza katika oksijeni, kabla ya hidrojeni inayozigeuza ioni za platinamu kuwa metali. Ioni za platinamu tunazotumia huingia zikiwa zimezungukwa na molekuli za amonia, na zikikutanishwa na hidrojeni moja kwa moja hugeuka misombo inayotembea ovyo, vishada vikavimba. Pandisheni joto kwa nyuzi 1 kwa dakika, au polepole zaidi, hadi karibu nyuzi 300, mkondo wa oksijeni ukiwa na nguvu ya kutosha kuufagia mvuke. Ni zaidi ya saa nne za kukaa kando ya tanuri, na sijaona njia ya mkato iliyonifaa.

Kisha pimeni kwa eksirei: vishada vidogo kiasi hicho havitoi mwinuko mkali wa platinamu kwenye mchoro wa eksirei zilizotawanywa na sampuli. Sampuli yangu ya kwanza, niliyoipasha moto haraka ikiwa bado na maji, ilitoa mwinuko mwembamba kama sindano karibu na pembe ya nyuzi 39.8. Ipo bado katika kichupa kabatini. Anayetaka kuiona aniombe.