Ushauri kwa watafiti wapya: tamka maslahi yako kabla data haijakusanywa

Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika ofisi ya utafiti ya chuo, kwenye meza inayopokea matamko ya maslahi, yaani fomu anazojaza mtafiti ambaye mradi wake unalipiwa na mfadhili wa nje. Watafiti wanaoanza huja na wasiwasi unaofanana. Wanataka kujua kama hisa walizo nazo, au malipo ya ushauri waliyopokea, ni kosa. Mgongano wa maslahi wenyewe si kosa. Ni hali ambayo mtu hujikuta ndani yake: taaluma inamtaka aamue kwa kufuata ushahidi, huku mfuko wake ukinufaika uamuzi ukielekea upande fulani. Mtu mwadilifu kabisa anaweza kuwa katika hali hiyo. Kosa huanza pale anapoificha, au anapoijua na kuendelea kana kwamba haipo.

Badala ya kujiuliza kama una hatia, jiulize hivi: katika utafiti huu, ni maamuzi gani yanapita mikononi mwangu, na ni nani anapata fedha yakielemea upande mmoja? Utafiti ni msururu wa maamuzi madogo. Mgonjwa huyu anakidhi vigezo au hakidhi? Dawa mpya ilinganishwe na ipi, kwa dozi gani? Kipimo hiki kilicho mbali na vingine kibaki au kiondolewe? Majaribio yasimamishwe lini? Matokeo gani yatangulie kwenye ikisiri? Mengi kati ya maswali haya yana majibu mawili yanayoweza kutetewa, na hapo ndipo maslahi hupenya bila mtu yeyote kusema uongo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za tiba, yaliyohuishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa tafiti za dawa na vifaa tiba zinazofadhiliwa na watengenezaji huishia kupendelea bidhaa ya mfadhili mara nyingi zaidi kuliko tafiti zenye fedha za vyanzo vingine, na kwamba tofauti hiyo haielezeki kwa vigezo vya kawaida vya kupima udhaifu wa utafiti. Kwa hiyo mtu akikuuliza kuhusu hisa zako, kumjibu kwamba mbinu zako ni safi hakutoshi.

Kabla hujagusa fomu yoyote, andika maamuzi ya mradi wako kwenye karatasi, na mbele ya kila moja weka jina la anayeamua. Sijaona zoezi linalofungua macho kuliko hilo. Mara nyingi jina lilelile hujirudia kuanzia juu hadi chini.

Sasa kanuni. Utakayokutana nayo mara nyingi ni ya Marekani, kwa sababu husafiri pamoja na fedha. Ilitungwa mwaka 1995, ikakazwa mwaka 2011, na vyuo vikatakiwa kuwa vinaifuata kufikia Agosti 2012. Inahusu ruzuku za Huduma ya Afya ya Umma ya nchi hiyo, zikiwemo za NIH, yaani taasisi zake za taifa za utafiti wa afya. Chuo kikipokea fedha hizo kupitia chuo kingine, hata kikiwa nje ya Marekani, masharti huja nazo, na mkataba kati ya vyuo hivyo lazima useme ni sera ya chuo gani itakayofuatwa. Soma kifungu hicho. Nimeona timu ambazo kila upande uliamini kuwa upande wa pili ndio unaokusanya matamko.

Kiwango cha fedha ambacho kikizidi lazima utamke kilikuwa dola 10,000. Mwaka 2011 kilishushwa hadi dola 5,000. Kwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, unajumlisha malipo uliyopata katika miezi 12 iliyopita na thamani ya hisa unazomiliki. Jumla ikizidi kiwango, unatamka. Kwa kampuni isiyoorodheshwa, hisa yoyote hutamkwa, hata kama leo huwezi kuiuza kwa mtu. Wengi hukwama hapa. Mwenzako ameanzisha kampuni kutokana na kazi ya maabara, amekupa sehemu ndogo ya umiliki kama shukrani, na hujaingiza hata senti. Unaona huna cha kutamka. Kanuni inaona tofauti, na mimi nakubaliana nayo kwa moyo wote: thamani nzima ya kampuni changa inaweza kutegemea matokeo ya jaribio moja, na huenda jaribio hilo unaliendesha wewe. Hisa ambazo bado hazina bei ndizo zinazomvuta mtu kwa nguvu zaidi.

Maslahi ya mwenza wako na ya watoto wanaokutegemea huhesabiwa pamoja na yako. Mapato ya mrabaha wa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, yanaweza kuingia. Safari zilizolipiwa na wengine huingia pia, na hizi husahaulika kuliko kitu kingine chochote, hasa kampuni inaponunua tiketi moja kwa moja bila fedha kupita mkononi mwako. Mshahara unaolipwa na chuo chako hauhusiki, wala mfuko wa uwekezaji wa pamoja au wa pensheni ambao huna usemi juu ya unanunua nini. Na neno "mtafiti" katika kanuni hii halimwishii mtafiti mkuu. Ni kila mtu anayewajibika kwa usanifu, uendeshaji au utoaji wa taarifa za utafiti, awe na cheo gani. Mtakwimu anaweza kuwemo. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuwemo. Kila mmoja wao anatakiwa kupata mafunzo kabla ya kuanza kazi kwenye mradi, kisha angalau kila baada ya miaka minne.

Jambo ambalo wageni hulikosea zaidi ya yote ni kujichuja wenyewe. Wanatazama malipo ya kampuni fulani, wanaona hayahusiani na mradi huu, wanayaacha nje ya fomu. Kabla ya 2011 mtafiti ndiye aliyeamua kama maslahi yake yanahusiana na utafiti. Marekebisho ya mwaka huo yalihamishia kazi hiyo kwa chuo. Wewe unatamka maslahi yote makubwa yanayohusiana na majukumu yako ya kitaasisi, na chuo ndicho kinachoamua kama yanagusa mradi na kama yanaleta mgongano. Mabadiliko haya yanakulinda. Ukitamka na ofisi ikasema hakuna tatizo, una jibu la maandishi. Ukijichuja mwenyewe na mwandishi wa habari akayakuta malipo hayo, unabaki na maelezo ya mdomo tu. Na kuyakuta si kazi ngumu: tangu 2014 serikali ya Marekani inachapisha kwenye intaneti malipo ambayo kampuni za dawa na vifaa tiba huwapa madaktari na hospitali za kufundishia za nchi hiyo.

Tatizo jingine ni kwamba wanaokuuliza ni wengi, na kila mmoja anauliza kivyake. Ruzuku inaangalia miezi 12 na ina kiwango cha chini. Fomu ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inarudi nyuma miezi 36 na haina kiwango cha chini cha malipo. Kamati ya maadili ina maswali yake, na mkutano unakotoa mada una slaidi yake ya matamko. Ukitegemea kumbukumbu, fomu zako zitapingana, na fomu zinazopingana hutia shaka hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuficha. Fungua jedwali moja leo: tarehe, aliyelipa, kiasi, sababu, na kama ilikuwa fedha, hisa au safari. Lijaze siku malipo yanapoingia. Kila fomu utakayopewa baadaye utaijaza kutoka humo.

Ukishatamka, na chuo kikaona kuna mgongano, huandikwa mpango wa kuusimamia, na chuo hutakiwa kuujulisha mfadhili kabla fedha za mradi hazijaanza kutumika. Katika hatua hii naomba usiridhike haraka. Njia nyepesi ambayo watu huikimbilia ni kutangaza tu: sentensi moja mwishoni mwa makala, mstari mmoja kwenye fomu ya ridhaa ya washiriki. Kutangaza ni lazima, lakini peke yake kuna nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2005 Cain, Loewenstein na Moore walichapisha jaribio ambamo washauri waliotangaza mgongano wao walitoa ushauri uliopinda zaidi kuliko wale ambao mgongano wao haukutangazwa, huku waliopokea ushauri wakishindwa kuupunguzia uzito vya kutosha. Mpango mzuri huhamisha maamuzi. Mwenye hisa hachagui washiriki wala hawaombi ridhaa. Uchambuzi unafanywa na mtakwimu ambaye hajui kundi lipi lilipewa nini. Mtu wa nje ya mradi anapitia data kwa vipindi. Wakati mwingine jibu ni kuuza hisa, na wakati mwingine ni kuachia mradi. Rudi kwenye karatasi yako ya majina: mpango ambao haujabadilisha jina hata moja pale haujasimamia chochote.

Mwanafunzi aliye chini ya msimamizi mwenye kampuni anahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote. Kazi yako inaweza kugeuzwa polepole kuwa kazi ya kampuni. Tasnifu yako inaweza kucheleweshwa ili hataza ipate kuombwa, na matokeo yako yasiyoipendeza bidhaa yanaweza kuombewa "majaribio machache zaidi" bila mwisho. Si lazima msimamizi awe mtu mbaya ndipo haya yatokee. Uliza mapema, kwa adabu na kwa maandishi: Mwalimu, katika kazi yangu sehemu ipi inalipiwa na ruzuku na ipi inaihusu kampuni? Nitaruhusiwa kuchapisha nini, lini? Omba pia msimamizi wa pili asiye na maslahi katika kampuni hiyo, mtu unayeweza kumwendea bila kupitia kwa wa kwanza. Vyuo vyenye sera nzuri huliweka hilo kwenye mpango bila kuombwa. Pasipo na sera kama hiyo, ombi lako bado ni halali, na ofisi ya utafiti inapaswa kukusikiliza.

Chuo nacho huwa na maslahi. Mwezi Septemba 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki katika majaribio ya tiba ya jeni kwenye chuo cha University of Pennsylvania, Marekani. Mkurugenzi wa taasisi iliyoendesha majaribio hayo alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya Genovo, iliyokuwa na haki katika kazi hiyo, na chuo chenyewe kilikuwa na hisa ndani yake. Sisemi kwamba hisa ndizo zilizomuua. Ninachosema ni kwamba baada ya kifo hicho kila uamuzi wa kitabibu ulisomwa upya kwa jicho la fedha, na familia yake ilikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Mshiriki wa utafiti anatupa mwili wake kwa kuamini kwamba tunamtazama yeye kwanza. Chuo kinapokuwa mwenye hisa, wa kupitia mradi huo awe mtu asiyelipwa na chuo hicho.

Kisha kuna mkataba wenyewe, ambao watafiti wengi huusaini bila kuufungua. Betty Dong wa chuo cha California huko San Francisco alilinganisha dawa ya tezi ya kampuni iliyomfadhili na dawa nyingine tatu, akakuta hazina tofauti. Mkataba ulisema hakuna kitakachochapishwa bila idhini ya maandishi ya mfadhili. Makala yaliyokuwa yamekubaliwa na JAMA, jarida la tiba la Marekani, yaliondolewa mwanzoni mwa 1995 kabla ya kuchapwa, na yakatoka mwaka 1997. Mfadhili kupewa muda wa kusoma rasimu na kutoa maoni ni jambo la kawaida; siku 30 hadi 60 zinatosha kulinda hataza. Mfadhili kupewa uwezo wa kuzuia ni jambo jingine kabisa. Ukikuta neno "idhini" kwenye kifungu cha uchapishaji, usisaini. Peleka mkataba kwa ofisi ya sheria ya chuo, na usiogope kuonekana msumbufu.

Angalia pia nani anaandika swali la utafiti. Mwaka 2016 nyaraka za zamani zilionyesha kuwa chama cha wazalishaji wa sukari nchini Marekani kililipia mapitio ya Harvard yaliyochapishwa mwaka 1967 kuhusu sukari, mafuta na ugonjwa wa moyo. Kiliweka lengo la mapitio hayo, kikachangia makala ya kutumiwa, kikapokea rasimu, na jina lake halikutajwa. Malipo yalikuwa takriban dola 6,500 za wakati huo. Kiasi hicho ni kidogo mbele ya ushawishi kilichonunua.

Mwisho, maslahi mapya yakijitokeza mradi ukiwa katikati, kanuni ile ya Marekani inakupa siku 30 za kutamka, na chuo kina siku 60 za kuyapitia. Kama zimepita, njoo vilevile. Kwa mgongano ambao haukutamkwa au haukusimamiwa kwa wakati, chuo hufanya mapitio ya kurudi nyuma ndani ya siku 120 tangu kilipobaini kasoro, kuona kama matokeo yalipinda. Ikionekana yalipinda, mfadhili hujulishwa na kupewa maelezo ya jinsi madhara yatakavyopunguzwa. Na kama ulikuwa utafiti wa kitabibu wa kupima dawa, kifaa au tiba, unaweza kutakiwa kutaja mgongano huo kila unapowasilisha matokeo hadharani, na kuyaomba majarida yaliyokwisha kuchapisha yaongeze tamko kwenye makala yako.