Uliza Bailojia: IUI, IVF, ICSI, GIFT, njia hizi za kusaidia uzazi zinatofautiana wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo fomu siksi hapa Tanga mjini, naishi Chumbageni. Tumepewa swali tulinganishe njia za kusaidia uzazi, sasa kwenye notsi kuna vifupisho kibao, IUI, IVF, ICSI, GIFT, ZIFT, kila nikikariri vinachanganyikana. Kuna mwenzangu anasema GIFT na IVF ni kitu kimoja sababu kote mayai yanatolewa. Mtihani wa moku umekaribia, naomba msaada.

JIBU: Marhaba mwanangu. Kwanza acha kukariri vifupisho, maana swali likigeuzwa kidogo tu umekwisha. Kila njia iulize vitu viwili, yai na mbegu ya kiume vinakutania wapi, na kizuizi gani kinarukwa. Ukishajua hayo hata jina ukilisahau utaelezea vizuri na maksi utapata.

Anzia kwenye hali ya kawaida. Yai likishatoka kwenye ovari linadumu kama saa 24 hivi, mbegu ndani ya mwili wa mwanamke zinaweza kukaa mpaka siku 5, na zinakutana kwenye mrija wa uzazi, ile sehemu pana iliyo upande wa ovari, sio kwenye mji wa mimba kama wanafunzi wengi wanavyoniandikia kila mwaka. Mbegu zinaanza safari mamilioni kwa mamilioni, zinazofika karibu na yai ni mia chache tu, zingine zinakufa kwa asidi ya uke, zingine zinakwama kwenye ute wa mlango wa kizazi, zingine zinaingia mrija usio na yai. Sasa popote kwenye njia hiyo pakiharibika ndo matatizo yanapoanzia. Mbegu chache, yai halitoki, au mirija imeziba, na hili la mirija mara nyingi linatokana na magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia ambayo hayakutibiwa mapema.

IUI ndo nyepesi kuliko zote. Mbegu za mume zinasafishwa maabara, zile zenye nguvu zinachaguliwa, zinapitishwa kwa katheta, yaani kijimpira chembamba, moja kwa moja hadi ndani ya mji wa mimba siku ambayo yai linatarajiwa kutoka. Kwa nini zisafishwe? Kwa sababu yale majimaji yanayobeba mbegu yana kemikali ziitwazo prostaglandini, yakimiminwa ndani ya mji wa mimba unajikaza na mama anapata maumivu makali. Kilichorukwa hapa ni uke na mlango wa kizazi tu, safari iliyobaki mbegu zinaogelea zenyewe na utungisho unafanyika ndani ya mrija kama kawaida, kwa hiyo lazima walau mrija mmoja uwe mzima. Kuna wataalamu hata hawaihesabu kwenye kundi la teknolojia za kusaidia uzazi, hoja yao ni kwamba yai halijaguswa wala kutolewa nje. Mimi nakubaliana nao, ila kama silabasi yako imeiweka humo we iandike humo, usiende kubishana na msahihishaji.

IVF ndo ile watu wanaita mtoto wa chupa. Mama anachomwa sindano za homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja badala ya moja, halafu anapewa sindano ya mwisho ya homoni ya hCG inayomalizia kuyakomaza, na kama saa 36 baadae kabla mayai hayajadondoka yenyewe daktari anayavuta kwa sindano ndefu huku akiangalia kwenye altrasaundi. Mayai yanawekwa kwenye kisahani pamoja na mbegu, na sio mbegu kumi ishirini, ni maelfu kwa maelfu kwa kila yai, zinashindana zenyewe mpaka moja iingie. Siku ya 3 kiinitete kinakuwa na seli kama 8, siku ya 5 kinakuwa blastosisti, yaani kijipira cha seli chenye uwazi ndani, na hapo katikati ndo kinarudishwa kwenye mji wa mimba. Kwa hiyo wale wanaodhani mtoto anakaa kwenye chupa miezi tisa waambie ni siku tu, zilizobaki zote ni tumboni kama mimba nyingine yoyote.

Mfano wake mzuri ni wa kwanza kabisa, Louise Brown, aliyezaliwa Oldham Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Mama yake mirija ilikuwa imeziba, yaani yai lipo, mbegu zipo, ila hakuna pa kukutania, na IVF inaruka tatizo hilo hilo kwa sababu mrija hautumiki kabisa. Waliofanya kazi hiyo ni Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Nobel ya mwaka 2010 alipewa Edwards peke yake, wenzake walishafariki na Nobel haipewi marehemu, na huyo Purdy jina lake linarukwa mno wakati ndiye aliyekuwa anakaa maabara kuvitunza viinitete.

Tukija ICSI, hatua zote ni zile zile za IVF mpaka mayai yanapotolewa, tofauti ipo kwenye dakika ya utungisho tu. Hapa hakuna mashindano. Yai linavuliwa zile seli ndogo zinazolizunguka, linashikwa kwa mrija wa kioo unaolivuta taratibu lisicheze. Mbegu moja inachaguliwa, inakandamizwa mkia ili isiogelee tena, inanyonywa ndani ya sindano nyembamba kuliko unywele. Sasa ukiangalia kwenye hadubini utaona yai linageuzwa kwanza, ile polabodi, kijiseli kidogo kilichobanduka kwenye yai, inawekwa juu au chini, kwenye kumi na mbili au sita ya saa ya ukutani, na sindano inaingilia ubavuni kwenye tatu, kwa nini, kwa sababu kromosomu za yai zinakuwa karibu na polabodi na sindano ikipita hapo itazivuruga. Hapo ndo ujue huyu fundi wa maabara hachezi.

Kwa hiyo kwenye kulinganisha andika hivi: IVF mbegu inatakiwa ifanye kazi yake yote, iogelee, akrosomu, ile kofia ya kichwa chake, itoe vimeng'enya, itoboe gamba la yai, ilhali ICSI kazi hizo zote zimerukwa. Ndo maana inamfaa mwanaume mwenye mbegu chache sana au zisizoogelea, hata ambaye kwenye shahawa hakuna mbegu kabisa kwa sababu njia imeziba, zinatolewa moja kwa moja kwenye korodani. Watoto wa kwanza wa njia hii walitangazwa mwaka 1992 na watafiti wa Brussels, Ubelgiji. Lakini ina jambo la kufikiria, kama mbegu ni chache kwa sababu kipande cha kromosomu Y kimekatika basi mtoto wa kiume atakirithi hicho hicho, na yeye akikua anaweza kukutana na tatizo la baba yake. Ukiliweka hilo kwenye insha msahihishaji atakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa mwenzako. Kweli GIFT na IVF zote mayai yanatolewa, mpaka hapo yuko sahihi. Ila GIFT mayai na mbegu vinawekwa pamoja ndani ya mrija wa uzazi kabla havijaungana, utungisho unafanyika mwilini na hakuna anayeuona. ZIFT utungisho unafanyika maabara, kesho yake zaigoti, yaani yai lililokwisha tungishwa, inawekwa kwenye mrija. Zote mbili zinahitaji mrija mzima na kwa kawaida upasuaji mdogo wa tumbo, na siku hizi hazifanywi sana kwa sababu IVF imekuwa nzuri na haihitaji kumpasua mama. Kwenye vitabu tu ndo bado zinatamba.

Mtego wanaopenda kuutega: mwanamke mirija yote miwili imeziba, njia gani haitamsaidia? Ukijibu GIFT peke yake umepoteza maksi, ni IUI, GIFT na ZIFT. Na kloni, yaani kutengeneza nakala ya mnyama, usiichomeke humo, kondoo Dolly wa mwaka 1996 hakutokana na mbegu ya kiume.

SWALI: Mwalimu mimi ni mfugaji, niko Pongwe, ng'ombe wangu wa maziwa anahimilishwa na mtaalamu anayekuja na mtungi wenye moshi. Kijana wangu anasema na binadamu wanafanyiwa hivyo hivyo. Ananitania au?

JIBU: Hakutanii mzee wangu, kilicho karibu na hicho kwa binadamu ni IUI. Ule moshi unatokana na naitrojeni ya kimiminika, baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, mbegu humo zinalala miaka. Mtaalamu anatoa kimrija kimoja, anakiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, anaingiza mkono nyuma kwenye utumbo ili aushike mlango wa kizazi kwa nje, halafu anapitisha bomba mpaka ndani. Kwa mama altrasaundi ndo inaonyesha yai limefikia wapi, kwako wewe ni macho yako, kwa hiyo ukiona ng'ombe anapandwa na wenzake katulia asubuhi mpigie mtaalamu aje jioni, ukiona jioni aje asubuhi. Wengi wanaosema mbegu mbovu walichelewa kupiga simu.

SWALI: Mimi kizazi kilitolewa ila ovari zipo. Dada yangu yuko tayari kunibebea. Mtoto atakuwa na damu ya nani, na dini inasemaje? Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Pole sana dada yangu. Kama yai ni lako na mbegu ni za mumeo basi jeni ni zenu nyie wawili, grupu la damu linatoka kwenu, hata zile DNA za mitokondria zinatoka kwenye yai lako. Dada anatoa chakula, oksijeni na mahali pa kukulia, na damu zao kwa kawaida hazichanganyiki, kondo la nyuma linazitenganisha. Wewe na mumeo mkiwa O na dada yako akawa AB, mtoto ni O.

Kwenye dini mimi sio wa kukuhukumia. Ninachojua ni kwamba fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu IVF kwa mke na mume waliomo ndani ya ndoa bila mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndo anayeleta mjadala kwenye kubebewa, Vatikani nao mwaka 1987 waliikataa IVF yenyewe. Kaa na sheikh wako, na mwanasheria pia, kabla hamjatumia hela.

Kitabibu hakikisha dada anapimwa Rh, ile chanya au hasi ya grupu la damu. Akiwa hasi na mtoto akawa chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, kwa hiyo anatakiwa sindano ya anti-D karibu na wiki ya 28 na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Hapo watu wanapima Rh ya mwenye yai wakadhani wamemaliza, kumbe anayetakiwa kupimwa ni yule mwenye tumbo.