Isikilize ruta kabla ya kuilaumu DHCP

Wewe uliyekuja Kisumu kujifunza kazi ya mitandao, huenda umezoea kwamba anwani, lango (ruta ya kutokea kwenda nje) na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) vyote hutolewa na DHCP, huduma inayogawa mipangilio ya mtandao. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, mazoea hayo yatakupotezea mchana mzima. DHCPv6, yaani DHCP ya IPv6, inaweza kutoa anwani, lakini haitoi lango. Lango hujitangaza lenyewe.

Simu ikiingia kwenye waifai hujiundia anwani ya mtandao wa hapo tu, inayoanza na fe80, kisha huuliza kupitia ff02::2, anwani ya pamoja ambako ruta zote za hapo husikiliza. Isipojibiwa hurudia kuuliza. Ruta hujibu kwa tangazo, yaani ujumbe aina ya 134 wa ICMPv6 (ujumbe wa uendeshaji wa IPv6), lenye kiambishi cha mtandao (sehemu ya mwanzo ya anwani za hapo) na muda ambao ruta hiyo inaweza kutumiwa kama lango. Ukiona lango ni fe80, usilifute. Ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Huo muda uangalie sana. Ukiwa 0, mteja ana anwani nzuri kabisa na hana pa kutokea. Ruta zenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, kwa kawaida hutangaza 0 zenyewe zikikosa njia ya nje, kwa hiyo usihangaike na laptopu ya mtu. Kagua laini ya mtoa huduma.

Muda wa kawaida ni sekunde 1800. Mteja akikwambia IPv6 hufa baada ya nusu saa, na hurudi akizima na kuwasha waifai, shuku kwamba jibu la kwanza linafika ila matangazo yanayofuata, yanayotumwa kwa wote kupitia ff02::1, yanazuiwa njiani. Huenda ni swichi au kifaa cha waifai kinachochuja ujumbe unaotumwa kwa wote.

Halafu kuna ruta za uongo. Majengo ya Oginga Odinga Street yana ofisi nyingi zinazogawana swichi, na yeyote akichomeka karuta kake kwa tundu lisilofaa, kataanza kutangaza nako kataaminiwa. Swichi nzuri zina RA Guard, kinga inayozuia matangazo ya ruta yasiyo halali, iliyoelezwa katika waraka wa kiufundi RFC 6105 wa mwaka 2011. Iwashe kwenye matundu yote ya wateja, uache lile la ruta halali tu.

Kwenye Linux, amri ya rdisc6, inayouliza ruta zilizopo, itakuonyesha nani anajibu. Wakijibu wawili ilhali unamjua mmoja, chukua anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya yule mgeni, itafute kwenye jedwali la swichi, ufuate kebo.